Fujere ya Mama Sifa na abakosi ya mgeni

Wapendwa wangu wa Sake, leo nimeaibika kanisani, na wa kulaumiwa ni mimi peke yangu.

Mnaijua fujere ya Mama Sifa, ule mmea wa msituni wenye majani kama manyoya, alioutoa Masisi akaupa kanisa. Huning'inia juu ya mimbari katika kopo la maziwa ya unga, na mimi ndiye mtunzaji. (Mungu anisamehe.) Mwezi uliopita ilianza kuwa manjano.

“Papa, uko unaua mutoto wangu,” Mama Sifa akaniambia.

“Mama, inapenda maji. Ninainywesha kila siku!”

“Inapenda unyevu, haipendi kuzama! Huu udongo unashikamana kama bugali, mizizi haina pumuzi. Na kopo haina hata tundu moja! Ikikufa, utaniambia nini?”

Nikaibeba hadi kwangu, mtaani Mapendo. Udongo ule nikautupa, ulinuka. Nikaokota changarawe nyepesi za volkano (hapa hazitafutwi, zinakutafuta wewe), nikaponda makala, yale makaa ya jikoni, nikachanganya na maganda ya kahawa yaliyooza. Kopo nikalitoboa matundu saba. Saba, kama mwamini! Maji yalipita na kudondoka juu ya mawe ya uani. Nani angejali? Wiki tatu nikaomba. Majani yakabaki manjano. Sikujua kama inapona au inatuaga.

Leo nikairudisha. Kwa upendo nikaongeza makala mapya, nikaitundika, nikaimiminia jagi zima. Ibada ikaanza.

Mchungaji mgeni kutoka Rutshuru akasimama chini yake kabisa, abakosi yake, lile koti la heshima lisilovaliwa na tai, ya rangi ya maziwa, imenyooka kwa pasi.

“Tuombe.”

Tukafumba macho.

To. To. To.

Niliijua sauti ile! Lakini ni mimi ninayewafundisha watoto kwamba anayefumbua macho wakati wa maombi hajaomba. Nao walikuwa wamekaa mbele yangu. Nikayakaza macho. Maombi yakawa marefu. (Aliwaombea hata ng'ombe wa Rutshuru.)

“Amina.”

Ndugu zangu, makala sikuyaosha. Maji meusi yalikuwa yametoka kwenye upara wake, yakapita nyuma ya sikio, yakafika mfukoni. Kanisa zima likashtuka, isipokuwa watoto. Wao walikuwa wameona tangu tone la kwanza!

“Nani anatunza hii?” mgeni akauliza.

“Ni miye, Papa Muchungaji. Munisamehe.”

Mama Sifa alikuwa tayari juu ya kiti, vidole ndani ya kopo. Nikangoja hukumu.

“Iko hai!” akapiga kelele. “Mizizi ni nyeupe! Na muone, jani mupya, limejikunja!”

Mgeni akajipangusa upara, akacheka. “Basi kama inaishi, muniletee nguo.”

Amehubiri katika abakosi yangu, mikono ikiishia kwenye viwiko. Yake inakauka kwa Mama Sifa.

Jumapili ijayo makala yataoshwa, na mimi nitaomba jicho moja likiwa wazi. Msiwaambie watoto.