Siku niliyowafunza akina mama kuhusu mchaichai

Leo nimeaibika mpaka masikio bado yananichoma. Naandika nikiwa nimejifungia chumbani.

Mnanijua. Wageni wakiingia kwetu Noonkopir, mimi hutoroka kwa mlango wa nyuma. Leo mama alikuwa anapokea akina mama wa maombi, na asubuhi nikamsikia akimwambia dadake kwa simu, "Huyu Nekesa hata kusalimia watu humshinda." Iliniuma! Nikaapa leo watanisikia.

Nusu ya Kitengela iko na mafua, na mimi pia. Pua imeziba kabisa. Nikasoma kwa simu kuhusu mchaichai: hutuliza tumbo, husaidia mtu akiwa na mafua. Nikasoma hadi sehemu ya tahadhari. (Daktari kamili.)

Jirani yetu, Mama Naserian, amepanda mchaichai nje ya ploti yake. Nikampigia, yeye akiwa bado Isinya. "Kata tu, mama, hapo kwa fence," akasema. Nikakata fungu kubwa. Nikachemsha na tangawizi, ndimu na asali. Sikusikia harufu yoyote, nikalaumu pua.

Wageni saba. Nikaingia na trei, nikasimama katikati ya sebule. Nikaongea!

"Hii ni chai ya mchaichai. Lakini si ya kila mtu. Auntie Pendo, kwa sababu uko na mimba, wewe usikunywe, nimekuletea maji. Na mwenye anatumia dawa za presha aulize daktari kwanza."

Makofi!

"Mama Nekesa, kumbe unatuficha daktari kwa nyumba?"

Mama akanitazama kama ndio amenizaa leo. (Nikatabasamu kama mtu anatafuta kura.) Wakanywa. Wengine wakaongeza.

Ndipo Mama Naserian akafika. "Sopa, akina mama!"

"Ipa!" wakajibu salamu yake ya Kimaasai.

Akapewa kikombe. Akanusa. Akanusa tena.

"Nekesa, mbona haukukata mchaichai? Nimepita hapo sasa hivi, haujaguswa."

"Nilikata, auntie. Ile ya kwa fence."

"Kwa fence kuna nyasi aina mbili! Kumbe ni wewe umenyoa nepia ya ng'ombe zangu?"

Mama mmoja alikuwa na kikombe mdomoni. Akakishusha polepole, kama kina nyoka.

"Mimi nimekunywa vikombe viwili," akasema shosho mmoja, bibi mzee wa kwaya. "Sio mbaya. Kwani ng'ombe zako hulalamika?"

Nyumba ikalipuka! Auntie Pendo, na maji yake mkononi, alicheka hadi akashika tumbo. "Asante daktari, mimi umeniokoa!"

"Msiogope," Mama Naserian akawaambia, "kesho mtatoa maziwa mengi tu."

Mama alikuwa amefunika uso na leso, mabega yakiruka.

Funzo: kabla ya kuwaambia watu nani asinywe dawa, hakikisha kwanza ni dawa. Na yeyote atakayelia kama ng'ombe darasani Jumatatu, nitajua amesoma hii.