Kamera ya Stoo na Wageni wa Posa

Wenzangu, leo nimejianika mbele ya wakwe. Nasimulia mwenyewe kabla ndugu yangu Kiprono hajawasimulia, maana yeye ataongeza chumvi.

Mnajua nimeibiwa mahindi mara mbili. Juma lililopita nikanunua kamera. Binti yangu Jerotich akaniambia, "Baba, iweke langoni. Nunua waya mpya ufike huko."

"Waya si upo?" nikamjibu.

Upo kweli. Ni ule wa intaneti alioupitisha darini yeye mwenyewe, kutoka sebuleni hadi kando ya stoo, wakati alipokuwa akifanyia kazi nyumbani. Umekaa bure tangu apate ofisi mjini. Nikachomeka upande mmoja kwenye mashine iliyokuja na kamera, niliyoiweka chini ya TV, upande wa pili kwenye kamera. Ikawaka. Kwa hivyo kamera ikakaa pale waya ulipoishia, ukutani mwa stoo. (Ubahili wangu nauita akili. Nimeuita hivyo maisha yangu yote.)

Leo wageni wakaja kutoka Moi's Bridge kumposa Jerotich. Kabla ya mazungumzo nikawasha TV nijigambe. Stoo ikaonekana, na kuku wakasikika wakiparura.

"Kumbe inasikia pia?" mjomba wa kijana akauliza.

"Hata mwizi akipumua," nikamwambia. (Maneno yangu hayo.)

Tukala, tukaingia kwenye mahari. Sisi tukataja ng'ombe kumi. Wao wakasema sita, wakakwama hapo. Nikaomba tutoke kidogo tushauriane, kama ilivyo desturi. Siri zote za boma hili zimesemwa kwenye ukuta wa stoo, tangu enzi za baba yangu. Miguu ikanipeleka huko yenyewe.

"Kaza," Kiprono akasema. "Wataongeza."

"Nikaze nini? Msichana ana miaka thelathini na sita. Hawa wakiondoka, nani mwingine atakuja? Hata wakitoa mmoja, na awe mgonjwa, mimi nakubali. Na tufanye haraka, yule mjomba atamaliza mbuzi mzima."

Nikatangulia kurudi. Kiprono akasema ananifuata.

Nikaingia sebuleni. Mjomba alikuwa amerudisha mfupa kwenye sahani. Mke wangu alikuwa anaangalia sakafu. Jerotich alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Nikageukia TV. Kiprono alikuwa pale, ametupa mgongo, anakojolea ukuta wa stoo, na sauti ilikuwa safi kabisa.

"Mzee," mjomba akasema polepole, "sisi tulikuwa na sita. Lakini tumesikia mmoja anatosha. Tumtafute mgonjwa?"

Wageni wakacheka. Jerotich hakucheka.

Ndipo kijana mwenyewe, ambaye kwa desturi hafungui mdomo siku kama hii, akasema, "Mjomba, ni kumi. Na wote wazima."

"Utawatoa wapi?"

"Nitawatafuta."

Hakuna aliyebisha. Basi nimepata kumi niliowataka, na sijawahi kupata kitu kikaniuma hivi.

Jerotich akaweka birika chini. Akaenda nyuma ya mashine, akachomoa waya, TV ikabaki buluu. Akaanza kuuviringisha kwenye kiwiko, taratibu, mbele ya wageni wote.

"Waya ni wangu, Baba," akasema. "Nitahama nao."

Wageni wameshaondoka. Nimejaribu kumwomba msamaha, nikakosa pa kuanzia. Ningesema sikumaanisha, lakini nilimaanisha, na amesikia kwa sauti yangu mwenyewe. Ninapoandika haya, yuko juu darini anavuta waya uliobaki, na vumbi linanidondokea kichwani.

Nawaomba msicheke. Na kama ni lazima, angalieni kwanza mmesimama wapi.