Ngome ya Mzee Kufuli

Fundi Mawimbi alikuwa na vyeti vya kila ufundi, isipokuwa vya kweli. Makazi yake yalikuwa sakafu ya kibanda cha kutengenezea simu, kichwa ndani, miguu nje. Kwa hiyo siku Mzee Kufuli aliposimama kibandani kulalamika kwamba intaneti ya nyumbani inatambaa, Fundi hakuona mteja. Aliona chumba.

Mzee Kufuli alikuwa na ghorofa lililojaa wapangaji. Jina hilo alilipata alipolifunga bomba la maji kwa kufuli huku mama mmoja akiwa na povu la sabuni kichwani. Mwaka umesahaulika. Povu bado.

"Shikamoo, mzee wangu. Unaibiwa."

"Marahaba. Na nani?"

"Wapangaji wako. Mawimbi hayajui ukuta. Wewe unavuta intaneti, wao wanainywa kwa mrija."

Mzee alikunja uso kama aliyeambiwa watu wanalala kitandani mwake. "Dawa yake?"

"Ulinzi. Na ni bure, pesa yako siitaki. Nipe kile chumba cha uani chenye mlango wake, nikae karibu na mgonjwa."

Neno bure lilimlainisha Mzee papo hapo.

"Boksi la intaneti lenyewe liko wapi?" Fundi aliuliza walipofika.

"Chumbani kwa mke wangu. Mwanamume wa nje haingii humo. Tumia simu yangu."

Fundi aliinamisha kichwa kwa heshima, maana hata angeliona boksi asingejua pa kuligusa. Alichojua ni kimoja tu: maboksi hayo hutoka kiwandani na nywila ya kufungulia mipangilio yake, na wenyewe hawaibadilishi. Akaijaribu ile ya kiwandani. Ikafunguka. Akaweka nywila zake mpya, ndefu kama hotuba ya mgombea, na mtandao akaubatiza jina: NGOME.

Jioni ile alipita mlango kwa mlango akiuza nywila ya kuingia mtandaoni, kila mpangaji akiapishwa kwamba ni siri yake peke yake.

"Sasa tunamlipa nani," aliuliza msusi wa ghorofa ya juu, "Mzee au wewe?"

"Dada yangu, Mzee ana nyumba tu. Intaneti ni mali yangu. Nisipotaka, haingii mtu, hata yeye."

Alilisema hilo kwa sauti ya kusikika hadi ngazini, kusudi aheshimiwe. Mfuko ukanona.

Asubuhi akabisha hodi jirani wa ukuta wa pili, hakimu mstaafu, kandambili miguuni, simu mkononi.

"Mzee mwenzangu, tangu jana nimefungiwa nje ya mtandao wangu. Na sasa eti unaitwa Ngome."

Fundi alimtazama Mzee Kufuli. Mzee Kufuli alitazama dari. Hapo Fundi akaelewa kwamba chumbani kwa mke hapakuwa na boksi lolote. Kumbe siku hakimu alipougua, Mzee alikwenda kumjulia hali, akatoka na nywila ya mtandao wake kabla hajauliza mgonjwa anaumwa wapi.

"Nani kafanya hivi?"

"Huyu," Mzee alisema kwa uchungu wa mfiwa. "Nimempa chumba kwa huruma, kumbe nafuga mwizi."

"Mzee, si wewe ulinipa simu—"

"Waulize wapangaji intaneti ni ya nani."

Hakimu akamgeukia msusi, aliyekuwa akishuka ngazi.

"Alisema ni mali yake," msusi alijibu. "Nyumba nzima ilisikia. Naomba pesa yangu."

Pesa hakuipata. Mzee Kufuli aliutwaa mfuko uwe ushahidi, na ushahidi huo hadi leo hakuna mahakama iliyouona. Fundi alirudi kwenye sakafu yake na jina la mwizi. Mwenzake ana ghorofa, kwa hiyo aliendelea kuamkiwa shikamoo.

Lakini kabla hajaondoka, Fundi alitakiwa azitaje nywila mpya, herufi kwa herufi. Hakimu aliandika taratibu, miwani ikimteleza puani. Mzee Kufuli, aliyesimama nyuma ya bega lake kumsaidia kusikia, hakuhitaji kuandika.

Mwisho wa mwezi chumba cha uani kilipata mpangaji. Kodi ilikuwa imepanda. Kina intaneti.