Nguruwe wa Nyota Nne na Harusi ya Tarehe 31

Msambweni,
14 Julai 1998

Kwa Bwana Mhariri wa ukurasa wa kompyuta,

Assalam aleikum. Kama wewe si wa dini yetu, basi habari za kazi. Na kama umenizidi umri, shikamoo. Nimezikusanya salamu zote mwanzoni kwa sababu yanayofuata ni makali, na sitaki ije ikasemwa kwamba binti wa Mzee Mbwana alikosa adabu.

Mwezi wa Mei uliandika makala ya kulinganisha programu tatu za kutunzia hesabu za pesa kwenye kompyuta ya nyumbani, ukazipa nyota kama hoteli. Niliisoma mara nne, maana kwetu kompyuta ipo. Baba yangu alikuwa mtunza stoo wa hoteli moja ya Diani kwa miaka kumi na tisa. Mwaka jana wageni walipoacha kuja, hoteli ikafungwa, na badala ya mishahara ya miezi mitatu wakampa kompyuta iliyokuwa mezani kwa mhasibu. Malimbikizo yake mengine waliahidi kuyatia benki kule Ukunda, na hadi leo anayangoja.

Mimi nina barua ya kuitwa chuo cha uhasibu Mombasa. Ada yatakiwa kabla ya tarehe 15 Agosti. Baba alisema, "Twaiba mwanangu, siwezi kusema ndiyo wala la mpaka nijue nina nini." Nikamwambia ipo programu, na gazeti limeisifu. Haya ndiyo yaliyotufika.

1. Programu uliyoipa nyota nne ina nguruwe. Ni mnene, wa rangi ya waridi, ana tundu mgongoni, na kila unapoingiza shilingi yeye huimeza, kisha hukoroma. Hukulitaja jambo hili. Munyoki, mwenye duka la kompyuta Ukunda, naye hakulitaja, aliniambia tu, "Sista, chukua hii, wazungu wote wa Diani wanaitumia." Nyanya yangu aliusikia ule mkoromo akiwa kwenye msala, akakatiza uradi wake kuuliza nani kamwingiza mnyama sebuleni. Mama yangu, Bi Mishi, hufunika kioo cha kompyuta kwa leso kila anapopita, na leso hiyo haivai tena.

2. Nikahamia programu ya nyota tatu. Hiyo haina mnyama, ila ina riba. Niliiambia riba ni sifuri, ikaniuliza kama nina hakika. Nikajibu ninayo. Ikauliza tena. Baba aliyaona mabishano hayo akasema mashine inayomshawishi Mwislamu juu ya riba haitalala chini ya paa lake. Ile ya nyota mbili ilifanya kazi vizuri siku moja, kisha ikadai dola. Tukarudi kwa nguruwe.

3. Nguruwe ana mafungu ya matumizi arobaini na mawili. Lipo fungu la mbwa, la kukodi mashua za starehe, na la mafunzo ya kuteleza kwenye theluji. Fungu la mchango wa harusi halipo, wala la hitima, wala la binamu aliyekuja kusalimia akakaa miezi miwili. Tambuu ya nyanya nimeitia kwenye dawa. Binamu nimemtia kwenye mbwa, kwa kukosa pengine, na namwomba radhi hapa hadharani.

4. Hili ndilo zito. Baba huwekeshwa amana. Watu wanaoona benki iko mbali humletea pesa zao zimefungwa kitambaani, kila mmoja kwa fundo lake mwenyewe alijualo, naye huziweka ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati. Hazihesabu. Hazigusi. Haandiki hata herufi moja, maana kuandika ni kama kumwambia mtu humwamini. Mwenye pesa hutaja kiasi mbele ya shahidi, na shahidi ni mimi. Hivi sasa mna pesa za Garama, mvuvi, anayekusanya za kununulia injini: elfu sabini na nane. Mna za zulia la msikiti: elfu sitini na mbili na mia tano. Masila wa Shimba Hills, ambaye huenda kanisani na bado humwamini baba kuliko mashemeji zake, aliuza ng'ombe watatu: elfu thelathini na sita. Kina mama wa mchezo wa kupeana pesa kwa zamu wana elfu ishirini na saba.

Sasa, Bwana Mhariri, makala yako ilisema kila shilingi iliyomo nyumbani iingizwe, maana kompyuta haitaki kufichwa. Mimi ni mtu wa kutii maandishi. Nikaziingiza. Programu yako haina neno lolote la amana. Kwake yeye pesa iliyo ndani ya nyumba yako ni yako, kama wanavyofikiri wezi.

5. Pesa za baba mwenyewe ni elfu kumi na mia nane. Nguruwe alipomeza zote pamoja, akatangaza laki mbili, elfu kumi na nne na mia tatu. Ukatokea mstari wa kijani, na maneno ya Kiingereza ya kumpongeza mwenye nyumba kwamba sasa anaweza kuitimiza mipango yake. Baba alisimama nyuma yangu. Alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Akasema, "Zimeingia." Alidhani ni malimbikizo yake ya hoteli! Nilipofungua kinywa akanikatiza: "Mashine hii imetoka kwa mhasibu mwenyewe. Itakosaje kujua?" Akaenda kuswali rakaa mbili za shukrani. Mtu aliyehesabu magunia ya mchele miaka kumi na tisa bila kupotelewa na kibaba hakuuliza swali la pili, kwa sababu mstari ulikuwa wa kijani.

6. Nilipomkumbusha chuo, alinishika bega kwa upole akasema, "Tutazungumza baada ya harusi, inshallah." Niliuliza harusi ya nani. Ikawa kwamba alikwisha mtuma rafiki yake, Mzee Waziri, avuke hadi Wasini kumposa Bi Mwanasha, mjane mwenye sifa njema, kwa mahari ya elfu hamsini na kitanda. Posa imekubaliwa. Harusi ni Ijumaa, tarehe 31 mwezi huu.

Mama hakupiga kelele. Aliiondoa leso kwenye kioo, akamtazama nguruwe uso kwa uso, akamwambia, "Wewe ndiye uliyesema pesa zipo? Basi mpikie wewe." Tangu siku hiyo jiko letu limezimwa. Tunakula mikate ya mofa ya jirani, na baba huila kama mtu aliye safarini.

7. Habari za utajiri wetu zimefika msikitini. Imamu alikuja kuomba mchango wa zulia, na baba akaahidi elfu kumi. Kwa hiyo, kwa hesabu za programu yako ya nyota nne, zulia litajichangia lenyewe.

Kwa hayo yote nataka yafuatayo. Kwanza, uziondoe nyota tatu kati ya zile nne. Moja ibaki kwa kuwa inajumlisha sawasawa. Pili, kampuni iliyotengeneza programu iweke fungu la amana, lenye kufuli, na nguruwe aondolewe, awekwe mnyama yeyote wa halali, hata kuku. Tatu, kampuni hiyo imlipe fundi, kwani kitanda kimekwisha chongwa. Nne, uje Msambweni wewe mwenyewe kabla ya tarehe 31 umwambie baba kwamba umekosea. Mimi hatanisikiliza, gazeti huliamini kila neno, hata matangazo ya vifo vya watu asiowajua. Nauli nitakurudishia, ila sijui kutoka fungu gani.

Nisalimie wapiga chapa wako, mlinzi wa lango, na yule anayechora vikatuni, maana ndiye pekee hapo anayesema kweli. Nyanya anakusalimu na anauliza kama mnyama anaweza kutolewa bila kuivunja mashine. Mama anakusalimu pia, lakini si kwa furaha. Baba anakusalimu kwa furaha kubwa na kukualika harusini.

Ni mimi, kwa heshima na uchungu kwa kipimo kimoja,

Twaiba Mbwana

Baada ya sahihi: Kabla ya kuifunga bahasha nimeisoma makala yako mara ya tano, ili nisikusingizie. Hukuandika "kila shilingi iliyomo nyumbani." Uliandika "kila shilingi yako." Nililijua hilo tangu mara ya kwanza. Nilizitia zile amana mwenyewe, moja moja, Ijumaa baba akiwa msikitini, ili mstari uwe wa kijani na yeye aseme, "Nenda kasome." Niliwaza ya kwamba akishasema ndiyo, hatairudisha. Nilivyomjua baba, sikufikiri kwamba furaha ingemfanya aulizie kanzu yake nyeupe ya harusi.

Kesho nitamwambia. Tafadhali usiichape barua hii. Lakini kama unayo programu inayomfundisha msichana namna ya kuanza kumwambia babake neno kama hilo, nitumie upesi. Hata iwe na nguruwe.