Waraka wa Taya la Chini

Umma wa Montefosco unatangaziwa kwamba, kuanzia leo, taya la chini la binadamu lina mifupa miwili iliyoungana katikati ya kidevu. Atakayesema mfupa ni mmoja, hata awe nani, atanyang'anywa leseni yake.

Waraka huo niliuandika mimi, Fabrizio, katibu wa Kamati ya Elimu ya Mwili, na hati yangu ilisifiwa. Chanzo chake ni kinyozi Zanobi. Kwa utaratibu wetu, profesa hukaa kwenye kiti kirefu akisoma kitabu cha kale kwa Kilatini, na kinyozi, huko chini, hupasua maiti. Kazi ya maiti ni kukubaliana na kitabu. Siku hiyo Profesa Ercolano alisoma "mifupa miwili", na Zanobi, bila kuombwa maoni, akainua taya juu.

"Mheshimiwa, mbona ni mmoja tu?"

Kamati ilikaa siku tatu. Ilibainika kwamba marehemu alinyongwa kwa wizi, kwa hiyo taya lake lisingeweza kuaminika. Zanobi akapewa wiki moja atie sahihi kwamba aliona miwili, la sivyo kibanda chake kifungwe. Ana watoto wanne na hajui kazi nyingine. Nilimhurumia sana, ila huruma haikuwamo kwenye ajenda.

"Tia sahihi, ndugu yangu, yaishe," nikamwambia.

"Fabrizio, lile taya nimelishika. Wewe umelishika?"

"Mimi ni katibu."

Siku ya sita Profesa Ercolano akaamka kavimba shavu. Mjini kwetu mng'oa meno ni kinyozi, na kinyozi ni Zanobi peke yake. Nami nikaitwa kuandika kumbukumbu, maana maumivu ya mkuu ni shughuli ya ofisi.

Zanobi alichungulia kinywani, akaweka koleo pembeni, akachukua patasi.

"Hiyo ya nini?" Profesa akauliza.

"Mzizi umeng'ang'ania, Mheshimiwa. Kwa mujibu wa waraka, naanzia hapa kwenye kiungo, katikati ya kidevu. Nikishaitenganisha mifupa miwili, jino litatoka lenyewe. Katibu, shika kichwa."

Nikashika. Waraka ni waraka.

"Hakuna kiungo hapo, mpumbavu wewe."

"Kitabu kinasema kipo."

"Kitabu hakiumwi jino! Mfupa ni mmoja. Mmoja, nakwambia."

"Katibu, umeandika?"

Nilikuwa nimeandika, kwa hati ileile iliyosifiwa. Zanobi akarudia koleo, na jino likatoka kwa mvuto mmoja.

Kesho yake kamati ilipekua waraka ikitafuta neno "isipokuwa". Halikuwamo. Nililiweka kwenye rasimu, Profesa mwenyewe akaniamuru nilifute, akisema linalegeza sheria. Leseni yake ya kufundisha ikachukuliwa kabla ya chakula cha mchana, na shauri la Zanobi likafutwa kwa kukosa mlalamikaji.

Kile kiti kirefu sasa kiko wazi. Nilimshauri Zanobi akiombe.

"Nikafanye nini huko juu?" akanijibu, akiendelea kunoa wembe. "Maiti yuko chini."