Inchi Hamsini na Tano za Kumvuta Baba Mkwe

Jumatano, 8 Oktoba

Runinga janja imefika. Inchi hamsini na tano. Ya Ashfaq ni ishirini na moja, yenye kisogo, ya tangu harusi yake, na picha inaokota kwa dishi lililopinda juu ya paa. Nimepima kwa kamba: kioo changu kinameza vya kwake sita.

Ashfaq ni mwanyumba wangu. Tumeoa dada wawili, na kati yetu ni ukuta wa tofali moja. Mimi nilianza kwa kufagia vipande vya shaba kwenye karakana za feni hapa mjini Gujrat. Leo karakana ni yangu. Yeye ni karani wa manispaa, kazi ya kutafutiwa na mjomba. Lakini baba mkwe, Abbaji kwa binti zake, akija kutazama kriketi, hukaa kwake. Miaka yote. Eti kiti cha kule kinaujua mgongo wake.

Jumapili ni fainali. Safari hii mzee atakaa kwangu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Tatizo dogo. Kwa asiye na dishi, fainali itaonyeshwa intaneti, kupitia programu moja tu, na duka lililomo ndani ya runinga hii halina hiyo programu. Lina hali ya hewa, samaki wanaoogelea, mapishi ya keki, na moto unaowaka kwenye meko. Basi.

Nikarudi kwa muuzaji, Haji Mushtaq. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema, Tufail sahib, uliniuliza inchi mara nne. Programu hukuniuliza hata mara moja. Ulitaka kubwa, kubwa umepata.

Mke wangu Shagufta anashauri tuweke dishi kama la dada yake. Nimekataa. Nimuige Ashfaq?

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeitia programu kwenye flashi ya Shagufta, nikaichomeka. Runinga ikasema hairuhusiwi. Ila picha za zamani zilizokuwemo ikazifungua bila kuombwa. Ashfaq siku ya harusi, juu ya farasi, kilemba hadi dari, inchi hamsini na tano.

Fundi wangu mmoja akasema nibadilishe nchi kwenye mipangilio, kwa kuwa kila nchi ina duka lake. Nikabonyeza Hungaria. Sasa runinga inasema Kihungaria, nami sijui neno la kurudi nyumbani. Duka la huko lina meko mbili.

Ashfaq kachungulia juu ya ukuta. Akauliza, mwanyumba, leo mmehamia wapi? Nimemjibu kwamba picha yangu ni kali mno kwa macho yaliyozoea dishi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimepata dawa. Simu ya Shagufta inayo ile programu, na inaweza kurusha kioo chake kwenye runinga. Nimejaribu. Unaona hadi jasho la mrushaji mpira uwanjani.

Nimemwalika baba mkwe na mtaa mzima. Ashfaq sikumwalika, kwake si pana runinga? Mzee amekubali kwa sharti lake lile lile: mambo yakienda vizuri, hakuna kuhama kiti, bahati isikimbie. Uliyekunja mguu ubaki umekunja. Haja utaivumilia.

Nimenunua kiti chenye mto wa mgongo.

Jumapili, 12 Oktoba

Mzee kaketi. Ukumbi umejaa. Pakora za moto, bajia za kwetu. Mara kelele ng'ambo ya ukuta: Ashfaq na wanawe wanalia. Kwetu mrushaji ndiyo kwanza anapangusa mpira. Muda wa kumeza tonge ukapita, na sisi tukaona wiketi yetu ikianguka, mpigaji wetu nje.

Ikawa hivyo kila mpira. Mzee akasema, mwanangu Tufail, kumbe huku mnatazama marudio. Nikamweleza kwamba intaneti huzunguka dunia kwanza. Akasema dishi la Ashfaq halina safari nyingi.

Kisha ujumbe wa shemeji Nighat, mke wa Ashfaq, ukaingia kwenye simu ya Shagufta, na kwa hiyo kwenye kioo changu, herufi kama za kibao cha barabarani: Dada, mto wa Abbaji tumeuweka pale pale. Na runinga ya mumeo bado ni Mhungaria?

Mtaa mzima ukasoma. Wiketi nyingine ikaanguka. Mzee akasimama, akasema kiti hiki kina mkosi, akaondoka na sahani ya pakora. Watu nyuma yake.

Alipoketi tu kwa Ashfaq, bahati ikageuka. Tumeshinda kwa mpira wa mwisho. Niliusikia ushindi, ndipo nikauona, peke yangu.

Mzee ametoa hukumu: kiti chake ni kule, maisha. Na kwa kuwa tumeshinda mimi nikiwa huku, kila mechi nibaki huku huku.

Jumatatu, 13 Oktoba

Ashfaq kaja na ladu tamu za ushindi. Akaipapasa runinga. Akasema anafikiria kununua kama hii, ya sitini na tano, mzee asiumize macho. Wewe mjuzi, nishauri.

Nikamwambia ukweli wote: zinachelewa, zinanyima programu, baki na dishi lako. Akashukuru, akasema nimemwokoa.

Ameshukuru haraka mno. Mtu hakubali upesi hivyo ila ana lake.

Nimemkuta Haji Mushtaq akifunga duka. Nimeweka oda ya sabini na tano. Hiyo itameza vya Ashfaq kumi na moja. Haji akaanza kunieleza jambo kuhusu programu. Nikamkatisha: nitajie inchi tena.