Ghala Moja la Zamu Zote

Idara ya Zamu za Nyumba za Manispaa inatangaza kwa fahari kwamba imempata mkosaji, na mkosaji ni mimi. Niliambiwa nirekebishe hitilafu moja mahali kumi na saba. Nikarekebisha kumi na sita.

Msinishangae. Huku Finland jengo zima lina sauna moja, chumba cha kuogea mvuke wa mawe ya moto, na kila mpangaji ana saa yake kwa wiki. Programu yetu ilikuwa na ghala la kutunza zamu za sauna, ghala la zamu za kufulia, ghala la zamu za kukaushia mazulia, na kadhalika, hadi kumi na saba. Yote yalifanya kazi zilezile: tafuta, hifadhi, badilisha, futa. Tulinakili tu, tukabadilisha jina la juu. Mkurugenzi Ylermi aliuita utaratibu huo "heshima kwa kila huduma", maana kila ghala lilikuwa na mkuu wake wa kitengo.

Nililolisahau mimi ni la sauna. Likamfuta Bibi Hellevi, mwenye Ijumaa saa kumi na mbili jioni tangu mumewe yu hai. Akaja ofisini, akaketi, taulo mapajani.

"Mwanangu, siondoki mpaka Ijumaa yangu irudi."

"Bibi, kuna fomu."

"Nimejaza mbili. Ni ileile, mmebadilisha kichwa tu."

Aulikki, mwandaaji wetu wa programu, akachekea ndani ya kikombe. "Hata fomu mnanakili nyie."

Akaomba wiki moja. Aliandika mkataba: chochote chenye namba, saa na jina kitatunzwa kwa namna moja. Kisha akaandika ghala moja la kuutii, nafasi ya aina ya kitu ikiachwa wazi. Ukiliwekea sauna, sawa. Zulia, sawa.

"Na hadhi je?" Ylermi akauliza.

"Haimo kwenye mkataba, bosi."

"Sasa wakuu wa vitengo kumi na saba nitawapeleka wapi?"

"Kwani sasa hivi wako wapi?"

Kamati ikaketi, ikala mikate ya iliki, ikapitisha kwa kauli moja, kwa kuwa Ylermi alishawaambia wanahabari: "Mbele ya ghala jipya, wote sawa."

Alhamisi, Aulikki akihamisha kumbukumbu, likajitokeza ghala la kumi na nane: Zamu Maalumu za Uongozi. Ndani mlikuwa na jina moja, la Ylermi, anayekaa jengo moja na Bibi Hellevi. Ijumaa, saa kumi na mbili jioni. Liliandikwa siku mbili baada ya Bibi kufutwa.

"Tunafanyaje?" Aulikki akaniuliza.

"Mkataba unasemaje?"

"Saa moja, jina moja. Aliyetangulia ndiye mwenyewe."

Nikabonyeza kumrudisha Bibi. Safari hii palikuwa mahali pamoja tu, hata mimi nisingepasahau.

Ijumaa nilimsindikiza Bibi hadi mlangoni pa sauna, kumwomba radhi. Alipokwisha kujifungia, Ylermi akateremka ngazi na joho lake jeupe la kuogea. Akabofya namba zake za mlango. Taa nyekundu. Akabofya tena.

Akagonga. "Mama Hellevi, mimi mkurugenzi. Nipishe dakika kumi tu, naomba."

Ndani maji yakamwagwa kwenye mawe, yakachachatika.

"Basi tano."